Lengelenge Moja Ikulu: Kisa cha Calvin Coolidge Mdogo

Jumatatu, tarehe 30 Juni 1924, ndugu wawili waliteremka kwenye uwanja wa tenisi ulioko upande wa kusini wa Ikulu ya Marekani. Mkubwa, John, alikuwa na miaka 17. Mdogo, Calvin, alikuwa ametimiza 16 mwezi Aprili. Shule zimefungwa, joto la Washington limeshaanza, baba yuko ofisini na mambo yake. Calvin alivaa raba bila soksi. Wakacheza. Kiatu kikamchubua kidole cha mguu, likatoka lengelenge, naye hakumwambia mtu. Nani hutangaza lengelenge?

Jumatatu iliyofuata, usiku wa tarehe 7 Julai, alikuwa maiti.

Baba yake, Rais Calvin Coolidge, aliishi miaka minane na nusu baada ya hapo. Katika tawasifu aliyoitoa 1929 alieleza kwa ufupi anavyokielewa kifo kile: kama asingekuwa rais, mwanawe asingepata lengelenge kwa kucheza tenisi kwenye viwanja vya Ikulu. Ni sentensi ya mtu anayejihukumu. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara naona ina ukweli fulani na uonevu fulani, na uonevu wenyewe anajifanyia yeye. Kwa hiyo hapa nataka kuipima: ni nini hasa kilimuua yule kijana?

Nyumba aliyotoka

Tuanze na ukoo, maana watu hawa walikuwa wa namna yake. Coolidge baba alizaliwa tarehe 4 Julai 1872 Plymouth Notch, kijiji cha nyumba za kuhesabika kwenye vilima vya jimbo la Vermont. Babaye, naye akiitwa John, alikuwa mkulima, mwenye duka, na ofisa wa kijiji mwenye mamlaka ya kuapisha watu. Mama, Victoria, alifariki mtoto akiwa na miaka 12. Miaka mitano baadaye akafa dada yake wa pekee, Abbie, akiwa na miaka 14. Ni mtu aliyezoea kuzika mapema. Picha ya mama yake hakuiacha mbali naye maisha yake yote, na kidani cha mama huyo kitarudi katika kisa hiki.

Akawa wakili mjini Northampton, Massachusetts, akaoa Oktoba 1905. Mke wake, Grace Goodhue, alikuwa mwalimu wa shule ya watoto viziwi ya Clarke iliyokuwa mjini humo. Bwana harusi alikuwa mkimya kupita kiasi, na rafiki mmoja alitania kwamba mwalimu aliyewafundisha viziwi kusikia huenda ataweza kumfanya na bubu aseme. Wakapanga nusu ya nyumba ya familia mbili katika mtaa wa Massasoit. Mume akapanda ngazi ya siasa daraja baada ya daraja: diwani, meya, seneta wa jimbo, naibu gavana, gavana, na mwaka 1921 makamu wa rais. Nusu nyumba ile hawakuiacha. Hata alipokuwa gavana, mke na watoto walibaki Northampton, yeye akiishi chumba cha hoteli mjini Boston na kurudi nyumbani mwisho wa wiki.

Maana yake ni kwamba wavulana walilelewa na mama zaidi. Grace ndiye aliyecheza nao, na mapenzi yake kwa mchezo wa besiboli hayakumtoka mpaka uzeeni. Baba alikuja na sheria: kazi, akiba, nidhamu, kufika mezani kwa wakati. John aliwahi kuomba ruhusa ya kuchelewa chakula cha jioni Ikulu, akajibiwa akumbuke kwamba anakula kwenye meza ya Rais wa Marekani, na kwamba atafika kwa wakati, tena amevaa ipasavyo. Baba mzazi alikuwa anamtetea rais dhidi ya mwanawe, ingawa wote wawili walikuwa mtu mmoja.

Usiku wa tarehe 2 Agosti 1923 Rais Harding alifariki ghafla San Francisco. Coolidge alikuwa likizoni kijijini kwao, kwenye nyumba ambayo haikuwa na umeme. Habari ilipofika, mzee John akamwapisha mwanawe saa nane na dakika arobaini na saba usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta ya taa. Baba kumwapisha mwanawe kuwa rais: jambo hilo halijatokea tena nchini humo.

Na kijana wetu alikuwa wapi? Shambani. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kibarua cha likizo kwenye mashamba ya tumbaku ya Hatfield, karibu na Northampton. Kibarua mwenzake akamwambia: baba yangu angekuwa rais, mimi nisingefanya kazi kwenye shamba la tumbaku. Calvin akajibu: baba yangu angekuwa baba yako, ungefanya.

Kisa hiki alikisimulia baba mwenyewe kwa fahari isiyofichika. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine. Jibu lile limebeba malalamiko na heshima kwa pamoja, na mtoto wa miaka 15 aliyeweza kulitoa papo kwa papo alikuwa na akili ya kuangalia nyumba yao kwa mbali kidogo na kuicheka.

Kuna barua yake pia. Mtu alimwandikia akimwita mvulana wa kwanza wa taifa. Calvin akamjibu kwamba amekosea, kwa kuwa yeye hajafanya lolote. Rais ni baba yake. Mvulana wa kwanza wa taifa, alisema, angekuwa yule aliyejipatia jina kwa matendo yake mwenyewe. Baba alimwelezea kama kijana wa vitabu, mwenye jicho la kuona ndani ya mambo. Wazazi wote husema hivyo juu ya watoto waliokufa. Barua na lile jibu la shambani ndivyo vinavyonifanya nimwamini.

Wiki yenyewe

Jumatano, tarehe 2 Julai, Joel Boone, daktari wa jeshi la majini aliyekuwa msaidizi wa tabibu wa Ikulu, alifika kucheza tenisi na wavulana. Calvin hayuko uwanjani. Akaambiwa yuko kitandani, hajisikii vizuri. Boone akaenda kumtazama. Mguu umekaza, mwili una homa, na kinenani kuna uvimbe. Kwa maswali mawili matatu likatajwa lengelenge. Alipoupima mguu akaona mistari myekundu ikipanda juu.

Msomaji aliyekulia kwetu hahitaji shahada kuelewa hapo. Ule uvimbe wa kinenani ni mtoki. Bibi zetu walijua kwamba mtoto akichechemea huku ameshika nyonga, usihangaike na nyonga, angalia chini: kuna kidonda mguuni, kuna mwiba, kuna ukucha ulioota vibaya. Tezi za kinenani ni kituo cha ukaguzi cha mguu mzima. Mdudu akipita kwenye kidonda, tezi hupambana naye na kuvimba. Mara nyingi hushinda, mtoki ukanywea, mtoto akarudi kucheza. Mistari myekundu ndiyo habari mbaya, kwa sababu ni njia ya limfu inayowaka kutoka kidoleni kwenda juu. Kituo cha ukaguzi kikizidiwa, kinachofuata ni damu.

Damu ikachukuliwa na kuoteshwa maabara. John Kolmer, mtaalamu wa vijidudu kutoka Philadelphia, akaletwa kusaidia. Jibu likawa Staphylococcus aureus, bakteria wa kawaida kabisa. Kiasi cha mtu mmoja kati ya watatu anaye puani au kwenye ngozi sasa hivi, na hana habari. Akikaa nje ya ngozi ni mpangaji mtulivu. Akipata mlango wa kuingia ndani hupiga kambi popote: kwenye mifupa, mapafu, vali za moyo. Mlango wa Calvin ulikuwa na upana wa punje ya mahindi.

Tarehe 4 Julai Marekani nzima ilikuwa na sherehe za uhuru, na Rais alitimiza miaka 52. Siku hiyo alimwandikia baba yake kijijini. Calvin anaumwa sana, alisema. Alitoka lengelenge kidoleni na uchafu ukaingia kwenye damu. Kidole chenyewe kinaonekana kizuri, ila sumu imeenea mwili mzima. Anapewa kila kitu ambacho tiba inaweza kutoa. Huenda akaugua muda mrefu, huenda pia akapata nafuu baada ya siku chache. Barua ya mtu asiyezoea kuomba, anayeandika kama ripoti ili mkono usitetemeke.

Katika siku hizo, Rais, ambaye wapiga picha walimzoea kwa uso wa jiwe, alimkamata sungura kwenye bustani ya Ikulu na kumpeleka chumbani ili mwanawe amwone. Kijana akatabasamu kidogo. Sungura akarudishwa bustanini.

Jumamosi tarehe 5 alihamishiwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, akafanyiwa upasuaji mguuni. Hapakuwa na hoja ya fedha wala ya vyeo: mabingwa waliitwa, mashine zilizokuwepo zilitumika. Hapakuwa na dawa. Dawa za kuua vijidudu za zama zile zilikuwa za kuoshea kidonda. Ukizipeleka ndani ya damu zilimuumiza mgonjwa pamoja na mdudu wake. Kupasua palipotunga usaha, kushusha homa, kumpa maji, kusubiri mwili ujipiganie. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa cha tiba duniani, na ndicho alichokipata mwana wa rais.

Boone alisimulia baadaye yaliyotokea mwishoni. Homa ilipompandisha kijana akaanza kuweweseka, akijiona yuko vitani anaongoza wapanda farasi. Kisha mwili ukalegea, akasema, tumesalimu amri. Daktari akamwambia: hapana Calvin, usisalimu amri kamwe. Akajibu kwa neno moja tu: ndiyo. Baba alikuwepo kando ya kitanda. Akakitoa kidani cha mama yake, yule Victoria aliyefariki mwaka 1885, akakiweka katika kiganja cha mwanawe. Saa nne na nusu hivi usiku, yakaisha.

Usiku huohuo mjini New York, chama pinzani cha Democratic kilikuwa katika mkutano wake mkuu kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, mkutano uliokwisha kuwa kichekesho kwa jinsi ulivyoshindwa kupata mgombea. William McAdoo na Al Smith walikuwa wakivutana raundi baada ya raundi. Hatimaye ilichukua raundi 103 za kura, na aliyepita hakuwa yeyote kati yao bali John W. Davis. Ilipotangazwa kwamba mtoto wa Rais amefariki, wajumbe waliokuwa wakizomeana kwa wiki mbili walinyamaza, mkutano ukaahirishwa, salamu za rambirambi zikatumwa kwa mtu waliyekusudia kumwondoa madarakani Novemba.

Ibada ilifanyika Ikulu tarehe 9, nyingine Northampton siku iliyofuata, kisha jeneza likapelekwa Plymouth Notch. Makaburi ya huko yako kwenye mteremko wa kilima, na jiwe lake ni dogo kama la mwanakijiji yeyote.

Kosa la nani?

Sasa turudi kwenye ile hukumu ya baba. Waliotajwa kuhusika ni wanne: soksi, ukimya, urais na zama.

Soksi ni rahisi kuziondoa. Hapana shaka kiatu cha raba kwenye mguu mtupu wenye jasho huchubua. Lakini malengelenge ya namna hiyo yalitokea maelfu kwa maelfu wiki ileile, Marekani na kwingineko, na wenye nayo walikula mahindi ya kuchoma sikukuu ya Julai nne. Soksi ingeziba mlango ule mmoja; mwili wa kijana wa miaka 16 una milango mingi.

Ukimya ulinishawishi zaidi, nakiri. Nyumba ya watu wasiosema, baba anayeitwa Cal Mkimya na magazeti, mtoto aliyefunzwa kutolalamika hata shambani. Ukiandika hadithi ungeishia hapo: alikufa kwa sababu kwao hawasemi. Nilianza kuandika hivyo nikafuta. Hesabu inakataa. Alicheza Jumatatu, Jumatano daktari akawa kitandani kwake. Ni siku mbili. Watu wazima wenye kelele nyingi humaliza siku mbili na lengelenge bila kulitaja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa ufa ulionwa siku ya tatu, mafundi bora wa nchi wakaitwa, ila hakuna aliyekuwa na saruji.

Urais ndio hoja ya baba mwenyewe, na ina ukweli finyu: bila urais, hakuna Ikulu, bila Ikulu, hakuna uwanja ule, hakuna kiatu kile siku ile. Mnyororo ni sahihi. Tatizo la minyororo ya namna hiyo ni kwamba haina mwisho. Bila kifo cha Harding hakuna urais. Bila ndoa ya 1905 hakuna mtoto. Kila mfiwa hufanya hesabu hiyo usiku: ningemzuia asitoke, ningempigia simu. Coolidge alikuwa na bahati mbaya ya kuwa na kitu kikubwa sana cha kukibebesha lawama. Wafiwa wengi hujilaumu kwa basi walilomruhusu mtoto apande. Yeye alilaumu cheo cha juu kuliko vyote nchini mwake.

Zama, basi. Hapa ndipo mimi nasimama, na ushahidi upo. Mwaka 1941 madaktari wa hospitali ya jiji la Boston walichapisha takwimu za wagonjwa 122 waliokuwa na bakteria huyuhuyu kwenye damu kabla ya viuavijasumu kupatikana. Waliokufa ni 82%. Hiyo ndiyo mizani ambayo Calvin aliwekwa juu yake tangu Jumatano ile, mwana wa rais au mwana wa mvuvi.

Tazama tarehe zinavyochoma. Alexander Fleming aliona ukungu wake ukiua bakteria wa jamii hiyohiyo katika maabara ya London mwezi Septemba 1928, miaka minne baada ya mazishi. Mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani akatangaza Prontosil, dawa iliyotokana na rangi nyekundu ya kutilia nguo. Na Desemba 1936 mtoto mwingine wa rais wa Marekani alilazwa hospitali mjini Boston: Franklin Roosevelt Mdogo, miaka 22, mchumba wa mtu, maambukizi ya koo yakitishia kuingia kwenye damu. Madaktari wakampa hiyo Prontosil. Akapona, magazeti yakaandika kurasa za mbele, na Wamarekani wengi wakaisikia dawa hiyo kwa mara ya kwanza kupitia yeye. Mwaka uliofuata akaoa.

Miaka 12 ndiyo iliyowatenganisha watoto wale wawili wa Ikulu. Ila nisizidishe utamu: mdudu wa Roosevelt alikuwa streptokoki, na dawa za salfa, jamii ya hiyo Prontosil, zilimweza huyo kuliko stafilokoki, mdudu wa Calvin. Calvin angeletewa Prontosil ileile, huenda bado angekufa. Alichokihitaji kilikuwa penisilini, na penisilini haikuingia kwenye mshipa wa mgonjwa mahututi wa maambukizi mpaka Februari 1941, pale Oxford, kwa polisi aitwaye Albert Alexander. Alianza kupata nafuu ya kushangaza. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba madaktari waliichuja tena kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie. Ikaisha kabla ugonjwa haujaisha, naye akafa mwezi Machi.

Kwa hiyo hukumu yangu inatofautiana na ya baba. Calvin aliuawa na tarehe aliyozaliwa. Angekuwa na miaka 16 mwaka 1944 badala ya 1924, Boone angemchoma sindano kwa siku kadhaa na kijana angerudi kumfunga John tenisi kabla shule hazijafunguliwa.

Yaliyobaki

Wanasiasa wanaomchambua Coolidge hupenda kujua kama alikuwa rais yuleyule baada ya Julai 1924. Wapo wanahistoria wanaosema alianguka katika sonona, akaacha kulisukuma Bunge, akalala zaidi, akakasirika zaidi. Wapo wanaopinga, wakisema ukimya na usingizi wa mchana alikuwa navyo tangu zamani, na kwamba kuacha serikali ifanye machache ndiyo ilikuwa imani yake, si ugonjwa. Novemba ile alishinda uchaguzi kwa 54% ya kura zote, na uchumi ukapaa. Mimi siwezi kumpima akili mtu aliyekufa 1933. Naona tu aliyoandika mwenyewe: katika mateso yake mtoto alikuwa akimwomba amponye, naye hakuweza, alipoondoka, nguvu na utukufu wa urais viliondoka naye. Kwamba hajui ni kwa nini bei kama hiyo ilidaiwa kwa kukaa Ikulu. Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyekuwa akihesabu senti za kila kitu, na katika kifo hiki pia akafikia neno lilelile, bei. Mzee John alipofariki kijijini Machi 1926, kabla mwanawe hajamfikia, Rais alilirudia wazo hilo: kuwa rais ni gharama kubwa.

Tarehe 2 Agosti 1927, miaka minne kamili tangu Harding afe, aliwagawia waandishi vikaratasi vyenye sentensi moja akisema hachagui kugombea tena 1928. Hakueleza.

Mlinzi wake mmoja, Edmund Starling, alisimulia kwamba asubuhi moja alimkuta mtoto amesimama nje, uso wake umebanwa kwenye uzio wa chuma wa Ikulu. Alitaka kumwona Rais ampe pole kwa kufiwa na mwanawe. Starling akampeleka, na Rais akashindwa kusema. Baadaye alitoa amri: mvulana yeyote akija kutaka kuniona, mleteni, msimfukuze kamwe. Na kwa rafiki aliyefiwa na kijana wake pia, aliandika kwenye kitabu maneno ya kumbukumbu ya mwanao na mwanangu, ambao kwa neema ya Mungu wamepewa heshima ya kubaki wavulana milele. Anayesema Coolidge hakuwa na maneno hajayasoma hayo.

Grace aliendelea kupokea wageni, kutabasamu, kuwatembelea wagonjwa, na Washington ilimpenda kuliko mumewe. Mwaka 1929 alichapisha shairi kwa ajili ya mwanawe. Alimzika mume Januari 1933, akarudi kwenye kazi ya viziwi aliyoianza ujanani, akaishi Northampton. Alifariki tarehe 8 Julai 1957, miaka 33 na siku moja baada ya Calvin, akazikwa Plymouth Notch.

Na John, aliyekuwa upande wa pili wa wavu siku ile? Alioa 1929 binti wa gavana wa Connecticut, akafanya kazi za kawaida za mtu wa kawaida, na uzeeni akakifufua kiwanda cha jibini ambacho babu yake alikianzisha kijijini. Alikufa tarehe 31 Mei 2000, akiwa na miaka 93. Yuko kwenye mteremko uleule, pamoja na mdogo wake.